Mwanangu, Carton hakuwa na mama

Muheza, Jumapili jioni

Mwanangu,

Habari ya safari yako nimeipata gengeni. Ijumaa nilikuwa nachagua dagaa kwa yule mama mwenye mizani mbovu, akaniambia, "Hongera Mwalimu, nasikia binti anakwenda Muscat." Nikamjibu asante. Miaka 32 ya kufundisha imenizoesha kuitikia jambo kabla sijalielewa, wanafunzi wasije wakajua. Nikalipa, nikaondoka, dagaa wenyewe nikawaacha juu ya mizani.

Nilipofika nyumbani nikamwomba mtoto wa jirani aniunganishe bando, nikafungua status yako. Nikayakuta maneno ya Sydney Carton, yule wa riwaya ya Dickens, kwa Kiingereza chake, juu ya picha ya machweo ya Raskazone. Kwamba hili ulifanyalo sasa ni jema, jema mno kuliko yote uliyowahi kufanya.

Usisaini huo mkataba. Nimeliweka hilo juu kwa sababu tabia yako naijua, barua ndefu unasoma mwanzo na mwisho, katikati unaruka. Usisaini kwanza.

Sasa turudi kwenye hiyo status, maana kitabu nilikupa mimi, na naona umekisoma kama wanafunzi wangu waliokuwa wakikariri nukuu bila kujua nani kasema na alikuwa wapi. Fungua sura ya mwisho ya A Tale of Two Cities. Carton hayasemi maneno hayo. Dickens anaandika kwamba kama angeyatamka yaliyokuwa moyoni mwake, na kama yangekuwa ya unabii, yangekuwa hayo. Kama! Mtu yule alipanda kwenye gilotini, ile mashine ya kukatia vichwa, bila hotuba, afe badala ya Darnay, mume wa Lucie ambaye Carton alimpenda. Jina lake lenyewe hawakulijua, alihesabiwa wa 23 katika watu 52 wa siku ile, na waliokuja kutazama walidhani anayekufa ni Evrémonde, yaani Darnay kwa jina la ukoo wake. Aliyejitoa kweli kweli hakuacha tangazo lolote. Hapo nimekukosoa kama mwalimu, usinune.

Nimekisoma chote upya tangu Ijumaa usiku. Kwa tochi ya simu, kwa sababu umeme wa LUKU uliisha na sikutaka kukuomba tena mwezi huu. Mguu mmoja wa miwani umevunjika, nimeufunga na uzi wako mweusi, ule mnene wa jinzi. Unashika vizuri kuliko hata skrubu.

Nilipokuwa msichana nikikisoma nilikuwa nalia pale mwisho, kwenye mkokoteni, Carton anapomshika mkono yule binti mshonaji wa miaka 20 aliyehukumiwa kwa njama asizozijua. Wengi hulia pale. Safari hii nimelia mapema, mwanzoni kabisa, pale Carton anaporudi chumbani kwake alfajiri, anajitupa kitandani na nguo zake, na mto unalowa machozi. Umepasahau. Ni muda mfupi tu baada ya kesi ya London, ile ya mwaka 1780. Usiku kucha alikuwa amejifunga mataulo mabichi kichwani, anamwandalia wakili Stryver kesi za watu, na kukikucha Stryver ndiye atakayesimama mahakamani avune sifa na ada. Akili zote ni za Carton, jina lote ni la Stryver. Nami namjua mtu mwingine anayekesha kwenye cherehani akishona sare za shule mbili kwa bei ya kutupa, halafu lebo ya duka la mwingine ndiyo inayowekwa kwenye kola.

Baadaye Carton anamwambia Lucie kwamba yeye ni kama mtu aliyekufa akiwa kijana. Kisha anamwahidi kwamba kwa ajili yake na wale awapendao, yuko tayari kujitoa kwa lolote. Angalia mpangilio wake. Kwanza amekwisha kujizika, ndipo anapotoa ahadi. Mtu akishajiona maiti, kutoa uhai wake hakumgharimu sana, ni kama kugawa nguo usiyoivaa tena. Ndiyo maana naogopa. Sikuogopei Omani, mama. Naogopa kwamba ulipokaa ukapiga hesabu nani katika nyumba hii auzwe ili deni la mdogo wako lilipwe, hukuchukua hata dakika mbili kupata jibu.

Nani aliyekufundisha kwamba wa kutolewa ni wewe? Usinijibu. Nimekaa na swali hilo tangu juzi na jibu lake silipendi.

Sisemi Omani ni Paris ya mwaka 1793. Wasichana wa hapa wamekwenda wakarudi na afya zao, mmoja amejenga nyumba ya vyumba vitatu na kisima, unamjua. Wengine wamerudi hawataki kuulizwa. Lakini kazi za ndani kule, ruhusa yako ya kuishi imefungwa kwa kafili wako, yaani mwajiri anayekudhamini, ukikosana naye umekosana na nchi nzima. Pasipoti yako atakaa nayo nani? Umemuuliza wakala? Umemuuliza chumba chako kina kitasa? Mtu anayekwenda kufanya kazi kwa ajili ya maisha yake huuliza maswali hayo. Anayekwenda kujitoa mhanga haulizi, kwa sababu akiuliza atajiona mbinafsi. Carton hakuuliza chochote, alikwenda duka la dawa, akanunua alichohitaji, kazi ikaanza.

Na huyo wakala wako ananikumbusha Jerry Cruncher, tarishi wa benki ya Tellson, aliyekuwa akitoka usiku na koleo lake, asubuhi viatu vina matope na vidole vina kutu. Alikuwa anafukua maiti makaburini, anawauzia madaktari wa kufundishia upasuaji. Zama zile London ilikuwa biashara kweli, mpaka ilipotungwa sheria mwaka 1832, na waliofanya kazi hiyo waliitwa watu wa ufufuo. Cruncher mwenyewe akijiita mfanyabiashara mwaminifu. Mke wake akipiga magoti kusali, anampigia kelele kwamba anamharibia biashara. Wakala naye amekuambia nini uliposema mama bado hajajua? Kwamba wazazi wanatia nuksi safari. Hilo nimelisikia kutoka kwa huyo huyo mama wa dagaa, kwa hiyo usiniulize nimejuaje.

Sasa nikuambie ninachoamini. Wewe kwenye kitabu kile si Carton, na wala si yule mshonaji, ingawa nimeona umejipa heshima hiyo kwa sababu ya cherehani. Wewe ni Miss Pross, mlezi wa Lucie.

Najua umekunja uso. Kila mtu anamcheka Miss Pross, mwanamke mwenye nywele nyekundu na kofia ya ajabu, mwenye kelele nyingi. Rudi usome habari ya kaka yake, Solomon. Dickens hakuzunguka: Solomon alimnyang'anya dada yake kila alichokuwa nacho akakiweka kwenye kamari za biashara, kikapotea, akamwacha katika umaskini asigeuke nyuma. Na dada mtu anaendelea kusema hakuna mwanamume duniani anayemfaa Lucie isipokuwa kaka yake Solomon, kama asingepatwa na kale kakosa kadogo. Kakosa! Bwana Lorry wa benki anamsikiliza, anajua ukweli wote, ananyamaza kwa heshima. Nami nimenyamaza hivyo hivyo mbele yako mwaka mzima.

Miaka inapita, Miss Pross anamkuta Solomon kwenye duka la mvinyo Paris. Kumbe amekuwa mpelelezi, anauza watu kwa pande zote mbili, jina amebadili anajiita Barsad. Dada anaangua kilio cha furaha. Na Solomon anamwambia nini? Anyamaze, asimwite jina hilo, anataka auawe? Hata salamu hakuitoa.

Hapa nilifunga kitabu nikaenda nje kuangalia mbuzi, ingawa mbuzi walikuwa wamelala.

Halafu nikaona jambo ambalo kwa miaka yote sikuliona. Huyo Solomon mwishoni anafanya jema moja. Bila yeye Carton asingeingia gerezani kubadilishana na Darnay, maana yeye ndiye aliyekuwa na mlango wa kule ndani. Lakini ni nini kilichomfanya? Upendo wa dada yake ulikuwa juu yake miaka yote na haukumsogeza hata hatua moja. Aliyemsogeza ni Carton, alipomkalisha chini, akamwagia mezani karata zote za uovu wake moja baada ya nyingine, mpaka akaona hana pa kutokea. Nakuomba ulifikirie hilo kabla ya kumtumia mdogo wako shilingi nyingine.

Najua unampenda. Nami nampenda, nimemzaa. Milioni sita na laki nne. Laki tisa za mikopo ya kausha damu kwenye simu, inayobaki yote fedha za kikundi, za akina mama wanaouza maandazi na za vijana wenzake wa bodaboda waliompa uhasibu kwa sababu ni mtoto wa mwalimu. Wamempa kwa jina langu, kwa hiyo aibu nusu ni yangu. Zote zimekwenda kwenye mikeka ya kubeti. Alinionyesha mmoja, mechi 14, kumi na tatu zimetoka, moja ya huko sijui Denmark ikachanika. Anavyoisimulia ungedhani Denmark ndiyo iliyotuibia.

Sasa anasema ameokoka. Amekuambia, nimejua, sauti yako kwenye simu ilikuwa imelainika. Anasema ni mtu mpya, amezaliwa mara ya pili, wiki ya tatu hii hajagusa mkeka. Sitaki kudharau kazi ya Mungu. Lakini kaa na Daktari Manette, baba yake Lucie, kidogo.

Miaka 18 ndani ya gereza la Bastille, chumba cha 105, Mnara wa Kaskazini. Alipotolewa hakujua jina lake, ukimuuliza anakutajia namba ya chumba. Anashona viatu tu, ameinama. Ile sehemu ya kwanza ya kitabu Dickens ameiita kwa maneno ya kurudishwa kwenye uhai, nawe ulifikiri, kama nilivyofikiri mimi, kwamba anarudishwa pale binti yake anapomkumbatia na nywele zao kuchanganyika. Kisha anaonekana London, mzima, anatibu watu, anacheka. Tukasema amefufuka. Siku Lucie anaolewa, bwana harusi amekwisha kumwambia baba mkwe jina lake halisi, ukoo ule ule uliomfunga, mzee anarudi chumbani, anatoa lile benchi, anashona viatu siku tisa bila kumtambua mtu. Siku tisa, baada ya miaka kadhaa ya kuwa mzima! Mdogo wako ana wiki tatu.

Sasa angalia Bwana Lorry alivyofanya, maana huyu mzee wa benki ana akili kuliko wote mle ndani. Hakumtangazia mtu. Siku ya kumi daktari alipozinduka, alimweleza kama anayeomba ushauri juu ya mgonjwa mwingine, ili mzee asivunjike. Wakazungumza kwa upole kama benchi liendelee kukaa ndani au liondoke. Mzee aling'ang'ania kidogo, linamfariji. Mwisho akakubali, kwa ajili ya binti yake, ila liondolewe yeye akiwa hayupo. Alipoondoka, usiku ule Lorry akaingia na shoka na nyundo na msumeno, Miss Pross kamshikia mshumaa, wakalikatakata lile benchi na kulichoma motoni jikoni na mabaki wakayafukia bustanini, wanatetemeka kama wameua mtu.

Benchi la mdogo wako ni ile simu kubwa uliyomnunulia wewe. Nilimuuliza, akanyamaza, halafu akasema nifanye nitakavyo. Jumamosi nimeiuza kwa fundi pale stendi, laki moja na arobaini, fedha nimepeleka kwa mwenyekiti wa kikundi na risiti ninayo. Nimemnunulia kitochi, simu ndogo ya vitufe. Alitazama kile kitochi kama alivyotazama jeneza la baba yake, sisemi uongo. Lakini alikichukua.

Nimekwenda kwa mwenyekiti, ndiyo. Nilivaa ile gauni yangu ya kijani uliyonishonea, nikakaa kwenye mkeka wao, nikasikiliza. Nilitegemea Madame Defarge na sufu zake, anafuma majina ya wa kuuawa. Nilikuta mama mmoja ana daftari la kaunta amechoka, mtoto mgongoni ana mafua. Na hata Madame Defarge ukimfuatilia vizuri, hasira yake ina kaburi ndani yake: dada yake, kaka yake, shemeji yake, baba yake, wote waliisha mikononi mwa ule ukoo wa Evrémonde. Alikuwa mwaminifu kwa wafu wake. Kosa lake hakujua pa kusimama, akataka mpaka mtoto mdogo wa Lucie. Hawa akina mama wa kikundi wanajua pa kusimama. Wanachotaka ni fedha zao, na wanataka azilipe aliyezila.

Tumeafikiana hivi: laki moja na nusu kila mwezi, kuanzia mwezi ujao, mdogo wako atakuwa anachuma na kupakia machungwa kwa wale wanunuzi wa Dar msimu ukianza, kabla ya hapo atachimba mitaro. Polisi hawatakwenda ila akikosa miezi miwili. Hizi za mikopo ya simu nitalipa mimi kutoka pensheni, kidogo kidogo, kwa sababu wale wanampigia mpaka padri. Ukipiga hesabu ni karibu miaka mitatu. Ndiyo. Wewe umeniambia kwa ukali kwenye simu kwamba Muscat ni mwaka mmoja na nusu yamekwisha. Yatakuwa yamekwisha kwa nani?

Umewahi kufikiri juu ya Darnay akizinduka? Carton alimharakisha wabadilishane nguo, akamnusisha dawa, akapoteza fahamu, wakamtoa gerezani kama gunia na kumpakia kwenye gari la farasi. Hakuulizwa. Atafungua macho njiani kuelekea Uingereza akute mtu mwingine amekufa kwa jina lake. Na Darnay alikuwa mtu mzima mwenye heshima, aliyekataa mali ya ukoo wake akaenda London kufundisha Kifaransa apate riziki. Huyo anaweza kuubeba mzigo wa namna ile. Mdogo wako ukimnusisha dawa hiyo atalala tu.

Halafu kuna hili la kuondoka bila kuniambia. Darnay naye alifanya hivyo. Amepata barua kutoka gerezani Paris, Gabelle, mtumishi wa familia, anamlilia aje amwokoe. Moyo mzuri ukamchukua. Usiku wa tarehe 14 Agosti mwaka 1792 akakaa akaandika barua mbili, ya mke na ya baba mkwe, akazikabidhi zipelekwe akishakwenda. Alidhani amewaepusha. Kilichotokea ni kwamba mke, mtoto, mzee, Miss Pross, wote walimfuata Paris, wote wakaingia kwenye hatari ile. Na Carton akafa. Mtu mmoja kaondoka kimya kwa uaminifu wake. Ulikuwa umepanga kuniandikia nini mimi, ukiwa uwanja wa ndege? Nataka kujua. Kama umekwisha kuiandika iletee Jumamosi nisome ukiwa umekaa mbele yangu.

Naogopa barua, kusema kweli. Manette aliandika ya kwake gerezani Desemba mwaka 1767, kwa masizi na damu, akalaani ukoo mzima mpaka wa mwisho wao, akaificha kwenye bomba la moshi. Miaka mingi baadaye ikasomwa mahakamani na kumhukumu kifo mume wa mwanawe mwenyewe. Yeye amekaa pale anasikiliza maneno yake. Ndiyo maana hii nimeiandika mara tatu, na kuna mambo nimeyafuta.

Lile ninalotaka ulishike hata ukiacha mengine yote ni dogo. Usiku wa kuamkia kesi ya mwisho ya Darnay, Carton anazunguka mitaa ya Paris peke yake, na maneno yanamrudia kichwani yale yaliyosomwa kaburini kwa baba yake: Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima. Ulikuwapo yaliposomwa kwa baba yako, ulinishika mkono, sina haja ya kukusimulia. Lakini mstari unaoyatangulia maneno hayo kwenye kitabu ni mfupi, ukiwa na haraka unaupita. Mama yake alikuwa amekufa miaka mingi kabla. Hivyo tu. Mwandishi alihitaji jambo hilo, naona. Alihitaji mtu ambaye hakuna atakayesimama mlangoni kumzuia. Angekuwa na mama, hadithi ingekwama pale pale, kitabu kisingeisha.

Wewe unaye. Amezeeka, ana presha, miwani yake ina uzi, ana makosa yake ambayo nawe unayajua kwa tarehe, lakini yupo, na anasema usisaini.

Nikija kufikiri, nimekusifu sana. Kila mgeni alipokuja nilisema huyu binti ana moyo, huyu hajawahi kuniomba kitu. Nilisema mbele yako. Mwaka ule nilisema hivyo kwa padri, kwa mkuu wa shule, kwa shangazi zako, mpaka nikaamini ni wewe uliyeamua. Mtoto wa miaka 17 akiambiwa kila siku ana moyo mkubwa atafanya nini tena, ataanza kudai? Aliyefeli kidato cha pili akapata ada ya shule ya kulipia. Aliyefaulu akapata cherehani. Nilikuwa na sababu zangu, na baadhi zilikuwa nzuri. Tuliache.

Cherehani zenyewe usiuze, hata moja, na ile ovaloki kabisa usiiguse. Huyo anayekupa laki nne ni mwizi, sindano peke yake na mota vinazidi hapo. Kama umepokea advansi irudishe, nitakuongezea.

Huku mambo ni haya. Mvua za wiki iliyopita zimeng'oa gata la upande wa jikoni, maji yanamwagika pembeni ya simtanki badala ya kuingia, mdogo wako amelifunga kwa waya, sijui kama litavumilia masika. Yule mbuzi mweupe amezaa mapacha, dume na jike, jike halinyonyi vizuri. Mnunuzi wa machungwa amekuja anataka kununua mti mzima yakiwa bado mabichi, nimekataa, mwaka jana alitupunja na kwa kuwa nilikuwa na shida nilinyamaza. Fenesi la nyuma limeanguka lenyewe usiku, nilidhani mwizi. Kwaya wanauliza sare zao, mikono wanataka mirefu sasa, mwenyekiti wao amebadilika na huyu mpya ana msimamo mkali. Watu 22. Niliwaambia utazishona wewe na watalipa nusu kabla. Sikukuuliza kwanza, najua, lakini nilitaka uwe na kazi ya kukuzuia hapo mpaka tuonane.

Barua hii nampa konda wa ile Coaster ya asubuhi pamoja na gunia dogo la machungwa. Mpe elfu mbili, asikuambie nimemlipa, sikumlipa.

Jumamosi njoo. Uje na mkataba wenyewe, si picha ya mkataba, na pasipoti. Tutausoma pamoja, kifungu kwa kifungu, kama ni wa kwenda kwa ajili yako mwenyewe, ukapate mtaji, ukafungue duka lenye lebo yako, tutazungumza lugha nyingine, na mimi nitakupikia bada. Kama ni wa kulipia mechi ya Denmark, hapana.

Ndani ya kitabu, kwenye ile sura ya kuchoma benchi, nimekuta karatasi. Unaijua. Yenye mhuri wa shule, inayosema uripoti na godoro, ndoo na jembe, tarehe imekwisha kupita miaka tisa. Nadhani niliiweka mimi kama alama ya ukurasa nikasahau, au sikusahau. Nimeiacha pale pale, utaikuta. Kuna chuo hapo Tanga wanapokea watu wazima jioni, nimechukua fomu. Ziko mbili, kwa sababu ya kwanza niliimwagia chai.

Zipu za sare ziwe za inchi saba, nyeusi, si zile za plastiki. Na uniletee skrubu ndogo ya miwani.

Mama yako